Habari za Mitambo ya Kunasa Sauti, Pamoja na Neno juu ya Slufay ya Wairaqw

Mtu atakaye kuandika lugha ya Wairaqw kwa herufi za Kiswahili huona taabu tangu siku ya kwanza. Tutwae mfano wa Mbulumbulu, katika wilaya ya Karatu, nchi ya mashamba iliyo chini ya msitu wa Ngorongoro, ukingoni mwa genge la Bonde la Ufa. Kimoja cha vijiji vyake huitwa Slahhamo. Sauti ya kwanza ya jina hili, iandikwayo sl, si s ifuatwayo na l, bali ni pumzi moja ipitayo pembeni mwa ulimi. Na hh ni sauti itokayo kooni kabisa, jamaa ya ile ha nzito ya Waarabu. Tena liko jambo ambalo kwa kawaida haliandikwi, nalo ni kupanda na kushuka kwa sauti, ambako katika Kiiraqw kwaweza kupambanua umbo moja la neno na jingine.

Hayo ni taabu ya neno moja tu. Basi na tufikiri habari ya slufay. Hii ni sala na baraka inenwayo na wazee, hasa watu wanapokusanyika katika shauri au sherehe. Mzee mmoja hutangulia kwa maneno yaliyopangwa kwa utaratibu wa ushairi, akimwomba Looaa, ambaye Wairaqw humtaja kwa jinsia ya kike na kumhusisha na jua, akiomba mvua, uzao na amani, na kuwaepusha watu na netlaang, pepo wakaao katika maji. Nao mkutano humwitikia. Mtu akiandika maneno ya mzee peke yake, ameandika nusu. Maana slufay si maneno ya mtu mmoja, ni maafikiano ya watu wote yaliyotiwa katika sauti. Wataalamu wamekwisha kuandika juu yake kwa bidii na kuchapisha baadhi ya maneno yake, na kazi yao ni njema. Lakini kitabu hakiitiki.

Kwa sababu hiyo twaona inafaa walimu na makasisi wajue habari za mitambo ya kunasa sauti: ilianzaje, ilifikaje katika nchi zetu, ilimtumikia nani, na ilimwacha nani.

Mwaka 1877 Thomas Edison wa Marekani alitengeneza fonografu ya kwanza. Kazi yake si ya uchawi. Sauti ni mtikisiko wa hewa. Mtu anenapo mbele ya pembe ya bati, hewa hutikisa kigozi chembamba kilicho mwisho wa pembe. Kigozi hutikisa sindano. Na sindano huchora mfuo katika kitu laini kizungukacho. Sindano ikirudishwa katika mfuo ule ule, hutikisa kigozi tena, na hewa husema yale yale iliyoambiwa. Edison alianza na karatasi nyembamba ya bati, na baadaye ikatumiwa nta, iliyofanyizwa mviringo kama mwanzi mnene. Mwaka 1887 Emile Berliner, mzaliwa wa Ujerumani aliyehamia Marekani, alipata hati ya mtambo mwingine, gramafoni, ambao badala ya mwanzi ulitumia sahani bapa. Hizo ndizo zilizoitwa na watu wetu sahani za santuri.

Msomaji asizidharau tofauti za mitambo hii miwili, kwani historia yote inayofuata yategemea hapo. Fonografu iliweza kunasa na kusema pia. Mtu mmoja akiwa na sanduku lake aliweza kuichukua hata porini. Bali gramafoni ya nyumbani iliweza kusema tu. Kunasa kwake kulihitaji mitambo mikubwa na mafundi, lakini sahani moja ikikwisha kunaswa, ziliweza kupigwa chapa maelfu. Kwa hiyo mwanzi wa nta ukawa chombo cha wataalamu, na sahani ikawa bidhaa ya wafanya biashara.

Tuanze na wataalamu. Mwaka 1900 Profesa Carl Stumpf alianzisha huko Berlin hazina ya sauti za mataifa, ambayo baadaye ilisimamiwa na Erich von Hornbostel. Wasafiri waliokwenda nchi za mbali walipewa fonografu na nta. Mmoja wa wasafiri wa namna hiyo alikuwa Karl Weule wa Leipzig, aliyefika Dar es Salaam mwaka 1906. Kusudi lake la kwanza lilikuwa kwenda Kondoa-Irangi na nchi zilizo kando yake, mahali ambapo kabila za asili mbalimbali zinapakana. Lakini zilipofika habari za maasi huko bara, aligeuza safari akaenda kusini, Lindi, Masasi na Newala, akanasa nyimbo huko. Hivyo sanduku lililokusudiwa kukaribia nchi ya Wairaqw likageukia kwa Wayao, Wamakua na Wamakonde. Ni jambo dogo, lakini laonyesha jinsi hazina za namna hii zinavyojazwa: si kwa wingi wa nyimbo za kabila, bali kwa njia aliyopita msafiri.

Mwaka 1909 Hornbostel alichapisha makala juu ya nyimbo za Wanyamwezi katika jarida la Anthropos, lililoanzishwa na Padre Wilhelm Schmidt mwaka 1906 na kujazwa kwa sehemu kubwa na kazi za wamisionari. Mwaka 1928 akaandika tena juu ya muziki wa Waafrika kwa jumla, akionyesha kwamba umejengwa juu ya misingi isiyo ile ya Ulaya, wala haufai kupimwa kwa kipimo cha Ulaya. Neno hili liliwafaa sana watu wa misheni, ambao kwa miaka mingi walikuwa wametia maneno ya Kiafrika katika tuni za Kizungu, sauti ya neno ikipanda pale ambapo tuni inashuka.

Lakini nta yenyewe ina udhaifu. Mwanzi mmoja hubeba dakika chache tu, joto huulainisha, na kila mara usemapo, sindano huula kidogo. Huko Berlin wakazoea kufanya kalibu za shaba ili kupata nakala. Baada ya Vita Kuu ya Pili sehemu kubwa ya hazina ilichukuliwa hata Leningrad, kisha ikapelekwa Berlin ya Mashariki, na baada ya Ujerumani kuungana ikarudi mahali pake. Mwaka 1999 UNESCO iliitia katika orodha ya kumbukumbu za dunia. Sauti za babu zetu, basi, zimesafiri kuliko wajukuu wao.

Sasa tutazame njia ya wafanya biashara. Tangu mwaka 1925 maikrofoni ya umeme ilishika mahali pa pembe, na sahani zikawa na sauti safi zaidi. Mwezi wa Machi 1928 Siti binti Saad wa Unguja, mzaliwa wa Fumba, alikwenda Bombay pamoja na wenzake kuimba mbele ya mtambo wa kampuni ya His Master's Voice. Sahani zake zilienea pwani na bara, na watu walioziona herufi kuwa giza tupu wakausikia ushairi wa Kiswahili katika santuri. Marehemu Shaaban Robert aliandika wasifu wake, akamheshimu kama mtu aliyeinua lugha. Hata hivyo sahani ilikuwa na sheria yake: upande mmoja ulichukua dakika tatu hivi, na wimbo ambao ukumbini ungeendelea mpaka waimbaji wachoke ulikatwa uenee.

Tena iko sheria ya pili, nzito kuliko ile ya kwanza. Mfanya biashara hunasa lugha yenye wanunuzi. Kiswahili kilikuwa nao. Lugha ndogo ya bara hakuna aliyeihesabia faida. Kwa watu wa bara santuri ilikuwa kinywa kisemacho, si sikio lisikilizalo. Ushahidi wake ni wimbo mashuhuri wa Wakipsigis wa Kenya. Walikuwa wamesikia sahani za Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Marekani aliyekufa mwaka 1933. Jina lake likageuka vinywani mwao kuwa Chemirocha, nao wakatunga nyimbo juu yake.

Nyimbo hizo zilinaswa mwaka 1950 na Hugh Tracey, Mwingereza aliyekaa kusini mwa Afrika, ambaye mwaka ule alizunguka Kenya, Uganda na Tanganyika. Kwa Tanganyika alinasa Wagogo, Wahehe, Wanyamwezi na wengineo, na mwaka 1954 akaanzisha maktaba ya muziki wa Kiafrika huko Afrika ya Kusini. Ubora wake ni kwamba kila wimbo ulipewa maelezo: kabila, mahali, chombo na maana. Mwaka 1951 kituo cha redio cha Dar es Salaam kilianza. Mwaka 1956 kikawa shirika la utangazaji la Tanganyika, na mwaka 1965 kikawa Redio Tanzania. Redio ile ilinasa bendi na ngoma nyingi, ikajenga umoja wa taifa kwa Kiswahili, na faida hiyo hatuikani. Lakini kwa kuwa matangazo yake hayakuwa kwa lugha za makabila, mtoto wa Mbulumbulu aliyefungua redio hakusikia lugha ya bibi yake humo.

Mwaka 1963 kampuni ya Philips ilileta kaseti, na leo simu ya mkononi hunasa sauti kwa saa nyingi bila nta wala ufundi mwingi. Zile njia mbili tulizozitaja, ya mtaalamu na ya mfanya biashara, zimekutana mkononi mwa mtu awaye yote. Je, taabu imekwisha? Hasha. Sauti isiyo na jina la mwenyewe, wala mahali, wala mwaka, wala maneno yaliyoandikwa, baada ya miaka ishirini ni kelele tu. Mwanzi wa nta wa mwaka 1906 wenye karatasi yake una faida kuliko kaseti ya jana isiyo na neno juu yake.

Na liko jambo la kurudisha. Mwaka 2015 sauti zile za Wakipsigis zilirudishwa kwao, akapatikana hata mzee mmoja miongoni mwa walioimba mwaka 1950. Jamaa wa lugha ya Wakipsigis wako karibu na Mbulumbulu: ndio Wadatoga, jirani wa Wairaqw. Yaliyowezekana kwa hao yawezekana kwa hawa.

Kwa hiyo twawasihi walimu na makasisi walio Karatu na Mbulu. Kwanza, waombeni wazee ruhusa, wala msinase sala kwa siri. Mzee akikataa, neno lake ni sheria. Pili, msimnase mzee peke yake chumbani. Slufay inaswe mkutanoni, pamoja na kuitika kwake, hata kama upepo na watoto vitasikika ndani yake. Tatu, siku ile ile andikeni jina lake, ukoo wake, kijiji, tarehe na sababu ya mkutano. Nne, rudini kwake mkayaandike maneno mkiwa naye, kwa sl, tl, q, hh na alama nyinginezo za Kiiraqw kama zilivyo katika sarufi zake, kwani yako maneno ya kale ambayo vijana hawawezi kuyaeleza. Tano, nakala moja ibaki kwa jamaa yake, na moja mahali penye ulinzi, mbali na simu iliyonasa.

Kazi hii haihitaji fedha nyingi, bali yahitaji kufanywa wangali hai. Mzee atakayekosekana twaweza kumkumbuka kwa maneno yetu. Lakini namna alivyopandisha sauti, akanyamaza, na watu wakamwitikia, hakuna kalamu itakayoirudisha.