Kushuka ili Kutumika

Neno la kutafakari leo limo katika Injili ya Yohana, sura ya 13, pale Bwana alipofanya kazi ya mtumwa na kuwaosha wanafunzi wake miguu.

Sisi wa Kaloleni twaishi katika mtaa uliojengwa katika miaka ya 1940. Tukivuka Barabara ya Jogoo na kupita Shauri Moyo, twafika Pumwani, mtaa mkongwe kuliko wetu. Huko liko somo ambalo haifai tulisahau.

Tarehe 24 Aprili 1954, wakati wa Hali ya Hatari, askari waliuzingira mji wa Nairobi. Maelfu ya wanaume walikamatwa na kupelekwa vizuizini. Nyumba nyingi za Eastlands zikabaki na akina mama na watoto, pasipo wa kuwatafutia riziki. Mwaka 1957 Church Missionary Society ilianzisha huko Pumwani kituo cha jamii cha Mtakatifu Yohana. Neno la mimbarani likapata mikono na miguu.

Miaka 5 baadaye, mtu mmoja akaja kufundisha katika Shule ya Sekondari ya Pumwani. Jina lake Edward Carey Francis. Alikuwa amefundisha hisabati katika Chuo Kikuu cha Cambridge, akaiacha kazi hiyo mwaka 1928 ili afundishe Maseno. Tangu 1940 hadi 1962 alikuwa mkuu wa Alliance High School, Kikuyu. Wanafunzi wake kadhaa wakawa mawaziri wa Kenya huru. Alipostaafu, angaliweza kurudi kwao Uingereza akapumzike. Badala yake alikuja Pumwani, si kama mkuu wa shule, bali mwalimu wa kawaida, akashika chaki mpaka alipofariki mwaka 1966.

Ndugu zangu, tuyapime mambo haya. Mara nyingi twadhani kuwasaidia wahitaji ni kazi ya wenye vyeo na wenye mali. Lakini Carey Francis alikiacha cheo kwanza, ndipo akaja. Hakutupa msaada kutoka juu kama mtu arushaye sarafu. Alishuka, akakaa, akafanya kazi ya kila siku. Ndivyo alivyofanya Bwana wetu aliposhika beseni na kitambaa.

Na sisi je? Jirani akifa, twakutana upesi, twachanga, twakodi gari la kusafirisha maiti hadi nyumbani. Hilo ni jema. Lakini alipokuwa mgonjwa miezi mitatu, ni nani aliyebisha mlangoni kwake? Mtoto akirudishwa nyumbani kwa kukosa karo, ni nani anayemwuliza? Tusiwe watu wa kuwahi matanga na kuchelewa kitandani pa mgonjwa. Imani isiyovuka kizingiti cha jirani angali hai, Yakobo atuambia, imekufa.

Juma hili, kila mmoja wetu abishe mlango mmoja, mikono ikiwa mitupu au imejaa.

Tuombe. Ee Bwana, uliyeshuka kwa ajili yetu, tufundishe kushuka kwa ajili ya wenzetu. Amina.