"Nywila imekataa"

Mwenye kompyuta ya Linux huko Didia, mkoani Shinyanga, akiandika nywila, skrini ikawa nyeusi kidogo kisha ikamrudisha palepale pa kuingilia, atamwambia fundi: "Nywila imekataa." Kauli hiyo humpoteza fundi. Nywila ikikosewa, ujumbe hutokea kusema hivyo. Hapa imekubaliwa, kilichoshindwa kufunguka ni eneokazi (desktop). Aseme "imenirudisha", fundi atajua pa kuanzia.



Fundi abonyeze Ctrl, Alt na F3, aingie kwa maandishi matupu akitumia nywila ileile. Ikipita, haina kosa. Aandike df -h kuona nafasi iliyobaki, maana diski iliyojaa pomoni huzuia eneokazi lisifunguke. Kisha ls -l .Xauthority kuona mmiliki wa faili hilo: likiwa la root, yaani msimamizi mkuu wa mfumo, mara nyingi baada ya mtu kuwasha eneokazi kwa sudo, mwenye akaunti hawezi kuliandikia. Amri ya sudo chown humrudishia umiliki wa faili, bila kufuta kompyuta wala kupoteza picha za harusi.