Kutoka Jukwaani hadi Rafu ya Vitabu

Tuliokuwa Uingereza mwaka 1993 tunakikumbuka kipindi cha Paul McKenna katika ITV. Watu wazima, wenye kazi na familia zao, walipanda jukwaani kwa hiari, wakazungumziwa kwa sauti ya taratibu, kisha wakatenda mambo ya kuchekesha. Sebuleni mmoja wetu alisema ni mazingaombwe, mwingine akasema wamelipwa. Hakuna aliyeuliza swali ambalo mhandisi huliuliza kwanza: nguvu inatoka wapi?

Swali hilo liliulizwa Manchester mwaka 1841. James Braid, daktari wa upasuaji kutoka Scotland, alikwenda kumtazama Mfaransa Charles Lafontaine, aliyedai kuwalaza watu kwa nguvu ya sumaku. Braid alikwenda akidhani ataona udanganyifu. Alipofanya majaribio yake mwenyewe aligundua kwamba hali ile ni ya kweli, ila sumaku haimo: inatokana na mtu kukaza macho na mawazo yake mahali pamoja. Mwaka 1843 alichapisha kitabu kilichoeneza jina la hipnosisi.

McKenna alizaliwa mwaka 1963 Enfield, kaskazini mwa London, akaanza kazi kama mtangazaji wa redio. Sauti aliyokuwa nayo tayari. Hipnosisi alijifunza baadaye, akajaza kumbi. Lakini ukumbi una siri yake. Kwa kawaida hadhira nzima hupewa zoezi dogo, kama kufumbata viganja, na wanaoshindwa kuviachanisha ndio huitwa mbele. Akili ni nywele, kila mtu ana zake: wapo wanaoathirika upesi na wapo wasioathirika kabisa. Sisi watazamaji tuliwaona waliochujwa tu.

Mchezo huo una sheria yake tangu mwaka 1952. Maonyesho ya hadhara yanahitaji kibali, na aliye chini ya miaka 18 haruhusiwi kulazwa jukwaani. Mwanamume mmoja aliyeshiriki onyesho la McKenna mwaka 1994 alimshtaki, akidai limemsababishia maradhi makubwa ya akili. Mwaka 1998 Mahakama Kuu iliitupilia mbali kesi hiyo. Jaji hakukubali kwamba ugonjwa ulitokana na onyesho.

Baada ya hapo McKenna alihamia kwenye vitabu vya kujisaidia. Kile cha kupunguza unene, kilichotoka mwaka 2005 pamoja na CD, kiliuzwa sana, na mwaka 2008 akapata kipindi Marekani. Hapa ndipo tunapotaka ndugu zetu watulie kidogo. Jukwaani mchujo ulifanywa kabla ya onyesho. Dukani haufanywi, kila mnunuzi anaahidiwa yaleyale, na asipofanikiwa hujilaumu mwenyewe.

Hatusemi hipnosisi ni uongo. Mwaka 2008 NICE, taasisi inayoshauri hospitali za Uingereza kuhusu tiba, iliitaja miongoni mwa njia za kufikiriwa kwa wenye maradhi sugu ya tumbo ambao dawa hazikuwasaidia kwa miezi 12. Lakini nchini humu yeyote anaweza kujiita mtabibu wa hipnosisi bila leseni ya serikali. Kwa hiyo wewe unayekosa usingizi kwa mawazo ya nyumbani, anza kwa daktari wako. CD ukiipenda, isikilize. Ikikusaidia, mshukuru Mungu na akili yako mwenyewe. Isipokusaidia, usijione dhaifu. Huenda hata jukwaani usingeitwa.