Boma Lililoshiba Halikutakiwa

Kila nikifungua simu siku hizi nakutana na kijana wa Nairobi aliyechoka. Anataka nusu ekari Laikipia ama Kajiado, paneli za sola, tenki ya maji, kuku wa kienyeji, mbuzi wawili, na asisikie tena habari ya tokeni za stima. Si kwamba namcheka. Mimi mwenyewe nina daftari limejaa hesabu za betri. Ila nikisoma historia ya boma la kujitegemea hapa kwetu, naona daftari langu limeanzia mahali pabaya.

Chukua Wagikuyu wa miaka ya 1890. Kila mke alikuwa na ghala lake la nafaka. Kulikuwa na wimbi, mtama na njahi, nduma kando ya mto, na viazi vikuu ambavyo vingekaa ardhini mpaka vihitajike; yaani udongo wenyewe ulikuwa stoo. Mbegu ya msimu ujao ilichaguliwa na kuwekwa kabla ya mtu kula. Kazi nzito ilifanywa kwa ngwatio, leo kwangu kesho kwako. Wakamba waliiita mwethya, Wajaluo saga. Na hawakujifungia, ati kujitegemea. Wanawake walibeba vyakula mpaka kwa Wamaasai na kurudi na ngozi na mifugo, hata wakati wanaume wa pande hizo mbili walikuwa wanapigana.

Haikuwa paradiso. Mwishoni mwa miaka hiyo ya 1890 ukame, ndui na sotoka ya ng'ombe vilifuatana, na Kiambu watu wengi walikufa. Waliopona, wengi walipona kwa sababu walikuwa na jamaa kaskazini, Murang'a na Nyeri, wa kuwapokea. Waliporudi, baadhi walikuta mashamba yao yamehesabiwa kuwa ardhi tupu na kupewa walowezi. Hapo ndipo mimi husimama kidogo. Ghala lilishindwa, ujamaa ukasaidia, halafu karatasi ya mzungu ikamaliza kazi.

Walowezi nao walikuwa na shida moja kubwa: nani atawafanyia kazi? Mtu mwenye ghala limejaa hana haja ya kuamkia shamba la mwingine. Kwa hivyo serikali haikuhitaji kuchoma maghala. Ilileta kodi. Mwaka wa 1901 ilikuja kodi ya kibanda. Mwanzoni wengine waliruhusiwa kulipa kwa mifugo au kwa kazi, lakini kilichotakiwa hasa ni rupia, na rupia haioti shambani. Mwaka wa 1910 ikafuata kodi ya kichwa, ili hata kijana asiye na nyumba asiponyoke. Kahawa, zao lenye pesa, Waafrika walizuiwa kupanda kwa miaka mingi. Kisha baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia kikaja kipande, kile cheti ambacho mwanamume alivaa shingoni ndani ya kijaluba cha chuma.

Boma lilikuwa na chakula. Lilivunjwa na deni la pesa taslimu.

Sasa rudi kwa daftari. Sola itakupa mwanga, sawa. Lakini karo ya shule, hospitali na ada ya ardhi havilipwi kwa mayai. Mahindi ya haibridi ukipanda yale uliyovuna, mavuno hushuka, kwa hivyo kila msimu uko dukani. Na usidhani mbegu za kienyeji zilikuwa huru: sheria ya mbegu ya 2012 ilifanya kuuziana au kubadilishana mbegu zisizoidhinishwa kuwa kosa la jinai, faini mpaka milioni moja, mpaka Mahakama Kuu ilipotupilia mbali vifungu hivyo Novemba 2025.

Kwa hivyo sasa nikienda kuangalia ploti, kabla ya kuuliza jua linachomoza upande gani, nauliza nani anaishi hapo karibu, anapanda nini, na kama anaweza kunigawia mbegu.