Dhahabu ya Mstaafu: Lini Aipunguze?

Mjadala kuhusu dhahabu katika akiba ya uzeeni umekwama kwenye swali moja: inafaa au haifai? Nadhani swali limewekwa vibaya. Dhahabu haizai riba wala gawio; mwenye nayo hupata faida siku ya kuiuza tu. Kwa hiyo manufaa yake kwa mstaafu yanategemea kanuni inayomwelekeza lini aipunguze na lini aiongeze.

Historia ya bei inalithibitisha hilo. Januari 1980 wakia moja ilifika dola 850 za Marekani. Mwaka 1999 ilishuka chini ya dola 260, na bei ile ya 1980 haikuonekana tena hadi mapema 2008, tena kabla hatujaondoa mfumuko wa bei. Aliyestaafu 1980 akiwa na miaka 60 alipaswa kuishi hadi 88 ili aione. Wauza sarafu za dhahabu hupenda kuanza hesabu mwaka 1971, Rais Nixon alipokata uhusiano wa dola na dhahabu kwa dola 35 kwa wakia. Sishangai.

Hata hivyo, mwaka 2008 hisa za kampuni kubwa za Marekani zilipoteza zaidi ya theluthi ya thamani yake, huku dhahabu ikifunga mwaka ikiwa imepanda kidogo. Mstaafu aliyeuza kiasi cha dhahabu mwishoni mwa mwaka huo akanunua hisa alikikosa kilele cha dhahabu cha 2011, lakini alizipata hisa kwa bei ambayo tangu 2010 haijarudi.

Kuhusu namna ya kusawazisha, Harry Browne, mwandishi wa Marekani, aligawa akiba mafungu manne sawa: hisa, hatifungani za muda mrefu, fedha taslimu na dhahabu. Fungu likishuka hadi asilimia 15 au likipanda hadi 35, yote hurudishwa kwenye 25. Kwangu robo nzima ya dhahabu ni nyingi mno, lakini mipaka yake inashinda kusawazisha kwa kalenda, kwa sababu pengo kati ya bei ya kununua na ya kuuza sarafu na vipande vya dhahabu ni kubwa, na kila biashara isiyo ya lazima humla mstaafu.

Chukua akiba ya 100,000 yenye asilimia 10 ya dhahabu. Dhahabu ikiongezeka maradufu na mengine yakibaki palepale, inakuwa 20,000 kati ya 110,000, yaani zaidi ya asilimia 18. Kuirudisha kwenye 10 ni kuuza ya 9,000. Mfano huu hauko mbali na yaliyotokea: mwanzoni mwa 2024 wakia ilikuwa karibu dola 2,060, na Oktoba 2025 ikavuka 4,000. Ni wakati kama huo ambapo kila jirani anasifia dhahabu, na mkono wa kuuza huwa mzito.

Madini ya fedha yasichanganywe humo. Sehemu kubwa ya mahitaji yake hutoka viwandani, zikiwemo paneli za jua. Mwaka uleule wa 2008 bei yake ilianguka kwa zaidi ya asilimia 20. Anayeyahesabu pamoja na dhahabu kama fungu moja anajidanganya kuhusu kinga aliyonayo.

Kodi nayo ina neno. Nchini Marekani, dhahabu iliyo ndani ya akaunti binafsi ya kustaafu huuzwa bila kodi wakati wa mauzo, ilhali nje yake faida ya muda mrefu hutozwa hadi asilimia 28. Aliye na dhahabu ndani na nje ya akaunti hiyo aanze kuuza ile ya ndani, inapowezekana. Nairobi, ambako mfuko wa dhahabu wa NewGold uliorodheshwa kwenye soko la hisa mwaka 2017, mstaafu ana jambo jingine la kupima: dhahabu huuzwa duniani kwa dola, naye hununua unga kwa shilingi. Fungu lake linaweza kuvuka mpaka kwa sababu ya kushuka kwa shilingi peke yake, na hapo pia auze.

Asiyekuwa tayari kuandika asilimia na mipaka yake kabla ya kununua, heri asinunue.