Mafuta ya Taa Yaliyopanda Angani

Ukichora kwenye ramani mstari ulionyooka kutoka uwanja wa ndege wa Dar es Salaam hadi ule wa Kilimanjaro, kalamu itapita kati ya Handeni na Korogwe. Kinachoungua ndani ya injini za jeti ni ndugu wa damu wa kile kilichowasha vibatari katika vijiji vya wilaya hizo: mafuta ya taa, ila haya husafishwa zaidi ili yasigande hata baridi ikikaribia nyuzi 47 chini ya sifuri.

Mwanzoni haikuwa hivyo. Juni 1916, katika Vita Kuu ya Kwanza, jeshi la Waingereza chini ya Jenerali Smuts lilipoiteka Korogwe, kisha Handeni, kutoka kwa Wajerumani, lilisaidiwa na ndege za BE2c za Kikosi cha 26. Hizo zilikunywa petroli, na injini zake za pistoni zilikuwa na nguvu za farasi 90 tu. Wajerumani, waliofungiwa bahari na manowari za Waingereza, walikuwa wakipika mbata kupata mafuta ya magari. Waliyaita Trebol.

Jeti ilikuja na tabia nyingine. Frank Whittle aliwasha injini yake Uingereza Aprili 1937, na ikaonekana kwamba mtambo wa aina hii hauchagui sana mafuta. Vita Kuu ya Pili ilipoifanya petroli kuwa adimu, Waingereza wakageukia mafuta ya taa.

Tofauti ya kibatari na jeti iko kwenye hewa. Kibatari huunguza mafuta nusunusu, ndiyo maana dari hujaa masizi. Ndani ya jeti hewa hushindiliwa kwanza, mafuta yakanyunyizwa humo kwa matone madogo mno, na kiini cha moto kikapita nyuzi 2,000 za Selsiasi. Nikeli, ambayo ndiyo msingi wa mapanga ya turbini yanayozungushwa na gesi hiyo ya moto, huyeyuka kwenye 1,455.

Hapo ndipo ilipo historia yenyewe: mafuta hayakubadilika sana, chuma ndicho kilichohangaikiwa. Miaka ya 1940 ilileta Nimonic, mchanganyiko wa nikeli na kromiamu. Baadaye mapanga ya turbini yakatobolewa vitundu vya kupitisha hewa ya kupoza, yakafinyangwa kwa fuwele moja, yakapakwa kauri. Leo gesi huyafikia ikiwa na zaidi ya nyuzi 1,500.

Afrika Mashariki iliziona jeti mapema. Comet, ndege ya jeti ya shirika la Uingereza la BOAC, iliyoanza safari ya kwanza ya abiria kwa jeti tarehe 2 Mei 1952 kutoka London kwenda Johannesburg, ilitua Entebbe. Mwaka 1960 East African Airways ikapata Comet zake. Air Tanzania ilipopokea Boeing 787 Julai 2018, yenye injini za Trent 1000 za Rolls-Royce, mashirika kadhaa duniani yalikuwa yameegesha ndege za aina hiyo: mapanga ya turbini yalichakaa kabla ya wakati, na kampuni hiyo ikalazimika kuyabuni upya.