Njia ya Pembe, Kutoka Rabai Hadi Voi

Misafara ya karne ya 19 iliyotoka Mombasa kwenda Taita, Taveta na Uchagani ilikuwa na mlango wake Rabai. Ukisimama juu ya vilima vile, nyuma yako unaona mikono ya bahari na minazi; mbele yako ni nyika. Hapo Ludwig Krapf na Johannes Rebmann walijenga misheni yao katika miaka ya 1840, na mwaka 1848 Rebmann akashika njia akiongozwa na Bwana Kheri, Mswahili aliyeijua bara kwa miguu yake. Vitabu vingi humtaja Rebmann kwa kuwa aliiona theluji ya Kilimanjaro. Mimi namfikiria zaidi Bwana Kheri, kwa sababu njia ilikuwa yake na ya wenzake kabla Mzungu yeyote hajaandika neno juu yake. Ilikuwa njia ya pembe za ndovu.

Niliamua kuifuata hadi Voi, ambako leo ndama wa ndovu waliopoteza mama zao hulelewa ndani ya Mbuga ya Tsavo Mashariki. Nilitaka kuona mambo mawili yanayosimuliwa kila moja peke yake yakiwa katika ardhi moja: biashara iliyommaliza ndovu na kazi ya kumrudisha.

Kutoka Rabai unapita nchi ya Waduruma, Mariakani, kisha Samburu, na ukifika Taru unaelewa kwa nini wasafiri waliiogopa. Vichaka vya miiba vimefungamana, udongo ni mwekundu kama damu ya mzee, na mto hakuna. Uhai wa msafara ulikuwa kwenye ngurunga, mashimo ya mwambani yanayohifadhi maji ya mvua. Nilipiga magoti kando ya moja. Maji yalikuwa ya rangi ya chai ya maziwa, na kwenye ukingo wake palikuwa na nyayo za mbuzi, za ndege, na duara pana za ndovu, zimekauka na kupasuka kati. Mpagazi aliyebeba frasila mbili za pembe, kama kilo 32, alikunywa hapa. Na ndovu vilevile. Mwaka ambao mvua ilikosekana, ngurunga zikakauka, wote wawili walikufa katika njia hiyohiyo.

Pembe zenyewe zilitoka mbali. Wakamba ndio waliokuwa mabingwa wa biashara hii kwa miaka mingi, na Kivoi wa Kitui, aliyempokea Krapf mwaka 1849, alikuwa mfanyabiashara mkubwa mwenye misafara yake hadi pwani. Miaka miwili baadaye aliuawa karibu na Mto Tana, Krapf akiwa naye safarini. Mombasa pembe zilipakiwa majahazini kwenda Unguja, na kutoka Unguja zikaenda Bombay zikachongwe bangili za maarusi, au Marekani zikawe vibonye vya piano. Watu wa Deep River na Ivoryton, miji midogo ya Connecticut, walipata mishahara yao kwa pembe za ndovu zilizopitia Taru. Nafikiri kila mtoto wa pwani anafaa kufundishwa hili shuleni, pamoja na ukweli kwamba biashara ya pembe na biashara ya watumwa zilishikana mikono katika njia nyingi za Afrika Mashariki.

Baada ya Taru unaona Maungu, kilima ambacho misafara ilikitafuta kwa macho siku nzima kwa ajili ya maji yake. Kisha Voi.

Walezi wa pale hutoka na ndama asubuhi kwenda kulisha porini, upande wa Kilima cha Mazinga, na jioni huwarudisha zizini. Nilifika saa ya maziwa. Ndama mmoja alikuja mbio, masikio yamefunguka, akaishika chupa kwa mkonga na kuiinua mwenyewe. Alimaliza kwa mikupuo michache, akaiangusha chupa, akaupeleka mkonga kwenye kwapa la mlezi na kuuacha pale. Mlezi hakumsukuma. Alisimama tu mpaka ndama aliporidhika.

Maziwa hayo yana historia. Ndama wa ndovu hawezi kumeng'enya mafuta ya maziwa ya ng'ombe, na kwa miaka mingi wachanga wote walioletwa walikufa. Daphne Sheldrick, mke wa David Sheldrick, bwana mbuga wa kwanza wa Tsavo Mashariki, alihangaika muda mrefu kabla hajagundua kwamba mafuta ya nazi ndiyo yanayokaribia mafuta ya maziwa ya ndovu. Ndama wake Aisha alinusurika kwa maziwa hayo, lakini Daphne aliposafiri kwa harusi ya binti yake, Aisha aliacha kula akafa kwa simanzi. Tangu hapo walezi hupokezana, ndama asimpende mtu mmoja kupita kiasi. Mwaka 1977, baada ya David kufariki, Daphne alianzisha shirika la kumkumbuka, nalo ndilo linaloendesha malezi haya hadi leo.

Mbuga yenyewe ilitangazwa mwaka 1948. Mwishoni mwa miaka ya 1960 ndovu wa Tsavo walikadiriwa kuzidi 35,000. Ukame wa 1970 na 1971 uliua maelfu, wengi wao majike na ndama, kisha bunduki za majangili zikamalizia, hata kufikia mwishoni mwa miaka ya 1980 walibaki takriban 6,000. Julai 1989 Rais Moi alichoma tani 12 za pembe Nairobi, na mwaka huohuo biashara ya kimataifa ikapigwa marufuku. Sensa ya 2021 ilihesabu karibu 15,000 katika eneo la Tsavo. Hata hivyo Satao, dume ambaye pembe zake zilikaribia kugusa ardhi, aliuawa mwaka 2014 kwa mshale wa sumu.

Mshale huo unanipeleka kwa Waata, ambao watu wa pwani waliwaita Waliangulu. Walikuwa wawindaji wa ndovu katika nchi hii kabla haijawa mbuga, wenye pinde ambazo mgeni hakuweza kuzivuta na sumu ya msunguti iliyomwangusha dume mzima. Mbuga ilipotangazwa, maisha yao yakawa kosa la jinai. Katika kampeni ya 1956 na 1957 wengi walifungwa. Mwaka 1960 serikali ya kikoloni ilijaribu mradi wa Galana, ili Waata wawinde kwa kibali na kufaidika, lakini haukuwarudishia nchi yao. Nasema wazi: nawapenda ndama wa Voi na nawaheshimu walezi wao, lakini simulizi ya uhifadhi inayoanza mwaka 1948 na kuwaita Waata majangili tu ni nusu ya simulizi. Waliojaza majahazi ya Unguja kwa pembe, na walionunua piano, hawakufungwa.

Ndama wa Voi huchukua miaka mingi kuondoka. Kwanza hulala nje usiku mmoja na kundi la pori, kisha hurudi, kisha hukaa zaidi. Wengine wamerudi baadaye wakiwa mama, na ndama waliozaliwa porini. Wakishaondoka, hutembea kati ya Tsavo Mashariki na Magharibi, na njia yao ndiyo shida ya leo. Barabara kuu, reli ya zamani na reli mpya iliyofunguliwa 2017 zote zinaikata palepale misafara ilipopita, kati ya Maungu na Voi. Reli mpya imejengewa mapito chini ya tuta, na ranchi za Rukinga na majirani zake zimeamua kuacha misitu yao wazi kwa wanyama na kulipwa kwa kaboni inayohifadhiwa na miti. Ranchi hizo zikizungushiwa nyaya za umeme, ndama anayenyonya chupa Voi mwaka huu atakua akiwa hana pa kupita wakati wa kiangazi.